Kijana Kiziwi Anapokwenda Chuo: Mwongozo kwa Familia za Kilwa na Pwani ya Lindi

Kilwa Kivinje, Somanga, Mchinga, Lindi mjini na vijiji vya katikati vina vijana viziwi waliomaliza shule wakabaki nyumbani. Wanabangua korosho, wanapara samaki, wanalea wadogo zao, na miaka inakwenda. Wana akili na mikono hodari, lakini mara nyingi wazazi wao hawajui waanzie wapi, waulize nini, wala kijana wao ataishije huko chuoni, mbali na watu waliozoea kumwelewa. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi hao, walezi wao, na vijana wenyewe wanaosoma.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: ulizeni habari za lugha kabla ya kuuliza habari za fani. Kijana kiziwi huendelea chuoni pale anapokuta watu wa kuzungumza naye kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, yaani mwalimu, mkalimani na wanafunzi wenzake. Chuo chenye mashine mpya lakini hakina hata mtu mmoja anayejua alama kitamwacha akitazama midomo ya watu kutwa nzima, arudi nyumbani na cheti ambacho hakujifunza nusu ya yaliyomo.

Vyuo vya kuanza navyo

Chuo cha umma cha upande wetu wa kusini kwa ajili ya watu wenye ulemavu ni Mtapika, kilichopo Masasi mkoani Mtwara. Anayetoka Kilwa Masoko hupita Nangurukuru, Lindi na Mingoyo, kisha Mtama, Nyangao na Ndanda hadi Masasi. Mtapika ni kimojawapo cha vyuo vya ufundi stadi na marekebisho vilivyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Vingine ni Yombo jijini Dar es Salaam, Masiwani Tanga, Luanzari Tabora, Sabasaba Singida na Mirongo Mwanza. Ni vyuo vidogo, na huchukua watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali, kwa hiyo kiziwi atasoma pamoja na wasioona na wenye ulemavu wa viungo. Baadhi ya vyuo hivi viliwahi kusimama kwa muda kabla ya kukarabatiwa, basi msifunge safari kabla ya kuthibitisha kuwa mwaka huo kinapokea wanafunzi, na kwa fani zipi. Pa kuulizia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu.

Njia ya pili ni vyuo vya kawaida vilivyo karibu. Lindi kuna chuo cha VETA, na Kilwa Masoko kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kama kilivyo cha Chilala. Faida yake ni ukaribu wa nyumbani. Hatari yake ni upweke: kijana anaweza kujikuta kiziwi peke yake kati ya mamia ya wanaosikia. Mkichagua njia hii, tafuteni kijana kiziwi mwingine waanze pamoja, na kubalianeni na mkuu wa chuo kuhusu mkalimani kabla ya siku ya kuripoti.

Aliyemaliza darasa la saba na anapenda masomo asikimbizwe kwenye ufundi. Zipo sekondari zinazopokea viziwi, kama Moshi Ufundi na ile ya viziwi Njombe. Huko wengi hufika wakitoka shule za msingi za viziwi kama ya Tabora, iliyoanza 1963 na kuwa ya kwanza nchini, au Buguruni ya Dar es Salaam, iliyoanza 1974. Na aliyefaulu kidato cha sita anaweza kwenda chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Dodoma ni mojawapo ya vilivyopokea wanafunzi viziwi.

Majirani zetu wa Kenya wana vyuo vya ufundi vya umma vilivyoanzishwa kwa ajili ya viziwi hasa, kama kile cha Karen jijini Nairobi. Mtanzania anayefikiria kwenda huko ajue kwamba Lugha ya Alama ya Kenya si hii yetu. Itambidi ajifunze upya alama nyingi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Pigeni simu chuoni au, bora zaidi, nendeni na kijana mwenyewe. Ulizeni haya:

1. Kuna walimu wangapi wanaojua Lugha ya Alama ya Tanzania, na wanafundisha fani gani?
2. Kama mwalimu wa fani hajui alama, nani anatafsiri darasani, na karakanani je?
3. Wanafunzi viziwi wako wangapi mwaka huu? Wa kike wangapi?
4. Matroni au patroni wa bweni anajua alama? Kijana akiugua usiku, atamweleza nani?
5. Umeme ukikatika, bweni lina taa gani?
6. Waliomaliza wako wapi sasa? Tunaweza kuonana na mmoja wao?

Wakati mzazi anazungumza na mkuu wa chuo, kijana aachwe akae na wanafunzi viziwi. Nusu saa ya mazungumzo yao itamwambia mengi ambayo fomu ya kujiunga haisemi. Akirudi uso umechangamka, mmepata jibu la kwanza.

Karatasi na fedha

Andaeni mapema cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA kwa aliyefikisha miaka 18, matokeo au cheti cha shule, picha za pasipoti, na taarifa ya daktari kuhusu usikivu wake. Taarifa hiyo inaanzia hospitali ya wilaya, ambayo kwa Kilwa ni Kinyonga iliyopo Kivinje. Ikihitajika, mtapewa rufaa kwenda Sokoine, hospitali ya mkoa, Lindi mjini. Tengenezeni nakala kadhaa, kwa sababu mtaombwa taarifa hiyo chuoni, kwenye mikopo na kwenye ajira.

Kozi ndefu za VETA huanza Januari, na kwa kawaida fomu za kujiunga hutoka kuanzia Agosti. Kwa miaka mingi ada imekuwa shilingi 60,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni kwa mwaka. Thibitisheni kiwango cha mwaka mtakaoomba. Kinachozidi ada mara nyingi ni vifaa: ovaroli, viatu vigumu, seti ya zana, godoro, chandarua, ndoo. Kwa mkulima wa Lindi fedha ina msimu wake. Minada ya ufuta huchangamka kuanzia Juni, na ya korosho kuanzia Oktoba. Fedha ya ufuta na igharamie karatasi, nauli ya kwenda kukagua chuo na fomu. Fedha ya korosho ilipe ada na vifaa kabla ya Januari.

Kwa anayekwenda elimu ya juu, Bodi ya Mikopo humpa kipaumbele mwombaji mwenye ulemavu, mradi fomu ya kuthibitisha ulemavu iwe imesainiwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Maombi yanaweza kukwama kwa kukosa saini hiyo tu.

Wekeni pia akiba ya nauli ambayo haiguswi. Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilibomoa madaraja upande wa Somanga na barabara ya kusini ikakatika. Anayesikia husikiliza redio, hupiga simu, husikia watu wakisimulia kwenye basi. Kiziwi aliyekwama njiani anahitaji fedha mkononi, simu yenye chaji, na karatasi yenye jina lake, anakokwenda na namba ya mtu wa kutumiwa ujumbe.

Wiki za kwanza chuoni

Vijana wengi wa vijijini hufika na alama za nyumbani: alama ya baba ni ndevu, ya shule ni kuandika hewani, ya bahari ni mkono unaopanda na kushuka. Alama hizo zinatosha kwa mama na ndugu, ila wageni hawazielewi. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili, yenye msamiati na sarufi yake, na mgeni huanza kuisomea bwenini, jioni, kwa wenzake. Kwa hiyo muhula wa kwanza ana kazi mbili, lugha na fani. Asipimwe haraka. Mwanafunzi anayeonekana mzito Februari huenda akawa wa mbele Agosti, lugha ikishashika.

Mapema atapewa jina la alama. Viziwi hawatamkiani majina; kila mtu ana alama yake, inayotokana na kovu, dimpo, namna anavyocheka au tabia fulani. Jina hilo hutolewa na viziwi wenzake, na kwa kulipata amepokelewa. Mzazi aliulize na kulijifunza.

Bweni la viziwi halina ukimya ambao wengi wanaudhania. Watu wanacheka, wanagonga meza, wanapiga mguu sakafuni ili mwenzao ahisi mtikisiko na kugeuka. Anayetaka kumwita mwenzake humpungia mkono au kumgusa bega. Asubuhi wanaamshana kwa kuwasha na kuzima taa. Kipindi cha mazungumzo ni usiku, na mazungumzo yanahitaji mwanga: taa ikizimika, kila mtu anabaki peke yake. Ndiyo maana taa ndogo ya sola ni kifaa cha lazima kwenye sanduku, sawa na chandarua.

Anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia aende na betri za akiba na kikopo kikavu chenye mfuniko. Jasho na hewa ya chumvi ya pwani huharibu vifaa hivyo, basi kila usiku kivuliwe, kifutwe na kihifadhiwe pakavu.

Darasani na karakanani

Tuchukue somo la ushonaji, kola ya shati. Mwalimu wa wanaosikia huzungumza huku akishona: kunja hapa, acha nafasi ya sentimita moja, geuza. Wanafunzi wanatazama kitambaa na kusikiliza maneno kwa wakati mmoja. Kiziwi hawezi kufanya hivyo, kwa sababu macho yake ndiyo yanayopokea maneno. Akitazama mikono ya mkalimani, sindano imeshapita. Akitazama sindano, maelezo yamempita.

Dawa yake haihitaji fedha. Mwalimu aeleze kwanza akiwa amewaelekea, mikono ya kila mtu ikiwa imetulia. Kisha ashone kimya, polepole, wote wakitazama. Halafu asimame, aulize, ndipo wanafunzi waanze kushona. Mambo matatu, moja baada ya jingine. Mwalimu anayefundisha hivi huwasaidia hata wanaosikia.

Hali ni hiyo hiyo kwa kuandika. Hakuna anayeweza kuandika huku akitazama alama. Mwanafunzi kiziwi kwenye chuo cha kawaida apatiwe mwenzake mmoja wa kumwazima daftari kila siku, au mwalimu ampe maelezo yaliyochapwa. Viti vipangwe nusu duara ili kila mmoja aone mikono ya wote. Mwalimu asizungumze akiwa ameelekea ubao, wala asisimame mbele ya dirisha lenye jua kali, maana uso na mikono vitakuwa kivuli.

Karakanani usalama upangwe kwa macho. Anayesikia hujua kwa mlio kwamba msumeno umegoma. Kiziwi anahitaji kufundishwa kuhisi mtetemo, kutazama rangi ya cheche na kuzima mashine kabla ya kugeuka nyuma. Taa ya tahadhari inayowakawaka iwepo pamoja na king'ora. Na mtu yeyote asimguse fundi kiziwi kutoka nyuma wakati mashine inazunguka. Azunguke hadi aonekane.

Wakati wa mitihani, mwanafunzi aombe mapema kwa maandishi apatiwe mkalimani na msaada anaouhitaji. Kusubiri hadi asubuhi ya mtihani ni kuchelewa.

Usalama wa mwili, hasa kwa mabinti

Hili lisemwe wazi. Wapo watu wabaya wanaomwona kiziwi kuwa ni mtu asiyeweza kushitaki, na binti kiziwi yuko hatarini zaidi. Kabla ya kuondoka nyumbani, afundishwe kwa alama zilizo wazi viungo vyake vya siri, mguso usiofaa, namna ya kukataa na mtu wa kumweleza. Aibu ya mzazi isimwache mtoto bila maneno ya kujitetea.

Chuoni awajue watu wawili wanaojua alama ambao anaweza kuwaendea saa yoyote, mmoja wao mwanamke. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa watoto kuna namba ya simu ya bure 116. Namba hiyo inahitaji kuongea na kusikia, basi akubaliane mapema na mtu wa kumpigia. Kituoni ana haki ya kuomba mkalimani. Jirani au ndugu anayekisia alama zake asiachwe atafsiri maelezo ya kesi.

Mawasiliano na nyumbani

Simu janja yenye kamera ndiyo sauti ya kijana kiziwi. Kwa simu ya video anaongea na wenzake na nyumbani kwa alama, lakini video hula bando kuliko sauti. Kubalianeni siku na saa ya kuongea kila wiki, na mmtumie bando badala ya kusubiri aombe.

Ujumbe wake wa maandishi huenda ukaja hivi: "Mama sabuni mimi hakuna pesa wiki moja." Hiyo si dalili ya akili pungufu. Lugha yake ya kwanza ni ya alama, na mpangilio wake si ule wa Kiswahili cha kuandika. Mama ajibu kwa sentensi fupi na sahihi: "Nimeelewa. Huna sabuni. Nitatuma pesa kesho." Kwa kusoma majibu ya namna hiyo kila wiki, Kiswahili chake kitakua. Ndugu wakimcheka, ataacha kuandika.

Haki zake kisheria

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Sheria hiyo inalinda haki ya kusoma, kupata mafunzo ya ufundi na kuajiriwa bila kubaguliwa. Chuo cha umma hakiwezi kumkataa kijana kwa sababu tu ni kiziwi. Mkikataliwa, ombeni jibu kwa maandishi, mlipeleke kwa afisa ustawi wa jamii na kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, nacho husaidia kutetea haki hizo na kutafuta wakalimani.

Baada ya cheti

Mpango wa kazi uanze kabla masomo hayajaisha. Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa Kilwa, Mtama au Lindi Manispaa masharti ya mwaka huu: kikundi kiweje, akaunti ya benki, andiko la mradi. Kikundi cha mafundi viziwi wawili watatu waliosoma pamoja ni msingi mzuri, kwa sababu tayari wanazungumza lugha moja.

Chagueni mahali pa kazi kwa kuangalia wateja. Nangurukuru ni njia panda ya mabasi na malori, hivyo uchomeleaji na matengenezo vina soko. Ushonaji wa sare hupata kazi nyingi kila shule zinapokaribia kufunguliwa. Seremala hakosi milango na madirisha ya kutengeneza kokote nyumba zinakojengwa. Ukutani pabandikwe orodha ya bei kwa tarakimu kubwa na picha za mitindo. Mteja anaonyesha kidole, fundi anaandika bei kwenye kikokotoo cha simu, biashara inafanyika. Kwenye kibao andikeni wazi kwamba fundi ni kiziwi, na namba ya kutuma ujumbe. Wateja huzoea haraka kuliko tunavyodhani.

Kazi ya walio nyumbani

Mwanafunzi aliyekaa miezi minne kati ya watu wanaomwelewa hurudi likizo na lugha mpya, na mara nyingi hukuta nyumba nzima haina wa kujibu. Anakaa barazani, wengine wanacheka na kusimulia, akiuliza anaambiwa "nitakueleza baadaye." Vijana wengine hufupisha likizo kwa sababu hiyo.

Watoto viziwi walio wengi wamezaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo hakuna mzazi wa kuona haya kuanza na sifuri. Anzeni na alama za kila siku: kula, maji, mgonjwa, pesa, kesho, nani, kwa nini. Jifunzeni pia alfabeti ya vidole ili muweze kutaja majina ya watu na vijiji. Mwalimu wenu atakuwa kijana mwenyewe, na kumpa heshima ya kufundisha nyumba yake kutamjenga. Tarehe 23 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama. Shule na misikiti ya mtaani inaweza kuitumia kukutanisha viziwi wa eneo na majirani wao.

Mwezi huu fanyeni mambo matatu. Kwanza, nendeni hospitali mkachukue taarifa ya usikivu. Pili, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii mkaulize Mtapika na VETA Lindi vinapokea wanafunzi lini. Tatu, mtafuteni kijana kiziwi wa eneo lenu aliyekwisha kusoma, aje nyumbani akae na wa kwenu. Ada itapatikana kwa msimu mmoja au miwili. Lugha haisubiri msimu, na inaweza kuanza leo jioni, mezani, kwa alama ya maji.